Pampu Imenyamaza, Sukari Inapanda: Majibu kwa Maswali Yenu

Barua nyingi safari hii zinahusu pampu ya insulini na sensa ya sukari, vifaa wanavyovaa wenye kisukari. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, maana tatizo lililomo linaweza kumlaza mtoto hospitalini ndani ya usiku mmoja.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Mwanangu ana miaka 9 na anatumia pampu. Nilimbadilishia seti ya kuingizia insulini saa tatu usiku, sukari ikiwa 7. Saa tisa usiku sensa ikalia: 17. Pampu haikutoa onyo lolote. Nikatoa dozi ya kusahihisha mara mbili kwa pampu, haikushuka. Asubuhi akaanza kutapika. Nilikosea wapi?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa usiku huo. Kubadilisha seti hukukosea. Ulichokosa ni muda wa kuikagua kabla mtoto hajalala. Yaelekea kanula, kijimrija kinachoingia chini ya ngozi, ilijikunja ilipokuwa inaingia, au ilichomoka kidogo, insulini ikawa inavujia kwenye plasta.

Pampu haijui kama insulini imefika mwilini. Inachohisi ni shinikizo kwenye mrija. Insulini ikivuja, shinikizo halipandi, na pampu inaendelea kuhesabu kana kwamba mambo ni shwari. Hata kanula ikiziba kabisa, mtoto anayepokea uniti 0.4 kwa saa anaweza kukaa saa kadhaa kabla kengele haijalia. Halafu kumbuka kwamba ndani ya pampu kuna insulini ya haraka peke yake. Anayejichoma sindano ana akiba ya insulini ya muda mrefu mwilini. Mwenye pampu hana akiba hiyo. Insulini ikikatika, ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini) huanza kupanda baada ya saa chache tu, na kutapika ni dalili yake.

Ikitokea tena, sukari ikapita 14 (milimoli kwa lita, sawa na 250 kwa mashine za miligramu) bila sababu unayoijua, pima ketoni za damu papo hapo. Zikiwa chini ya 0.6, toa dozi moja ya kusahihisha kwa pampu, kisha mpime kidoleni baada ya saa moja. Sukari ikigoma kushuka, au ketoni zikiwa zimefika 0.6 tangu mwanzo, usiiamini tena seti hiyo. Dozi inayofuata ipite kwenye peni ya insulini au sindano, kwa kiwango mlichopangiwa na daktari, ndipo ubadilishe vyote: kanula, mrija, kichupa cha pampu na mahali pa kuchoma. Mpe maji mara kwa mara. Ketoni zikifika 1.5, wapigie wahudumu wake. Zikifika 3, au akitapika, au akipumua kwa nguvu kama aliyetoka mbioni, ni hospitali moja kwa moja, hata kama sukari yenyewe haijapanda sana.

Kuna mtego mmoja hapa unaowanasa hata wazoefu. Zile dozi mbili ulizotoa usiku, pampu inaamini ziko mwilini, kwa hiyo inabana insulini. Dozi ya sindano nayo haiijui kabisa, na ikiwa kwenye hali ya kujiendesha (inapojiamulia insulini kwa kufuata sensa) inaweza kumwongezea nyingine juu yake. Andika saa na kiasi cha sindano, zima hali ya kujiendesha kwa takriban saa nne, na mpime kidoleni kila saa. Inawezekana sehemu ya zile dozi za pampu iliingia. Ukiongeza kwa pupa, sukari itakuja kuporomoka.

Ukiitoa kanula, usiitupe kabla ya kuiangalia kwenye mwanga. Ncha iliyojikunja huonekana wazi. Damu ndani yake, au plasta iliyolowa, nayo ni jibu. Inuse plasta pia: insulini ina harufu kali ya dawa ya kuua vijidudu, na ukiisikia hapo ujue haikuwa inaingia mwilini.

Kuanzia sasa mbadilishie asubuhi kabla ya kula, ili dozi ya chakula iwe kipimo cha seti mpya, kisha angalia sukari baada ya saa mbili. Usisahau kuijaza kanula baada ya kuichoma. Kiasi huwa uniti 0.3 hadi 0.7 kutegemea urefu wake, na kinaonekana kidogo, lakini kwa mtoto wa uniti 0.4 kwa saa, kuruka 0.5 ni kumnyima insulini kwa zaidi ya saa nzima. Kama ni mwembamba na kanula zinajikunja kila mara, omba ya chuma, inayobadilishwa kila siku mbili, au ile inayoingia kwa mshazari.

SWALI: Sensa inasema 4.6, kidole kinasema 6.8. Niamini kipi? Na nikila kwa kuwa sukari imeshuka, sensa inaendelea kulia hata nikijisikia nafuu.
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Kidole, mradi umenawa na kukauka mikono. Utamu kidogo wa tunda kwenye ncha ya kidole unatosha kukudanganya kwa kiasi kikubwa.

Sensa haipimi damu. Inapima maji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na sukari hufika huko ikiwa imechelewa kwa dakika 5 hadi 10, wakati mwingine zaidi inapobadilika kwa kasi. Ndiyo maana ukila glukosi gramu 15, kidole huonyesha nafuu kwanza, sensa ikiwa bado inalia. Wengi hula tena hapo, na saa moja baadaye wako 14. Subiri dakika 15, pima kidole, ndipo uamue. Tena pampu yako ikiwa ya kusimamisha insulini yenyewe, mara nyingi gramu 5 hadi 10 zinatosha, kwa sababu imekwishaanza kupunguza kabla hujala.

Linganisha vipimo mshale wa sensa ukiwa umelala tu, yaani sukari imetulia. Mshale ukiwa umesimama wima, sukari inabadilika kwa takriban 0.1 au zaidi kila dakika, na tofauti ni lazima iwepo. Usiirekebishe sensa kwa namba ya kidole wakati huo. Utaipachika kosa litakalokaa nayo kwa saa nyingi. Siku ya kwanza baada ya kuivaa nayo isikutie hofu sana. Baada ya hapo, tofauti ya hadi asilimia 20 ni ya kawaida.

Angalia na dawa unazotumia. Haidroksiyurea, wanayopewa wengi wenye selimundu, hufanya baadhi ya sensa kusoma juu kuliko ukweli, na kwa anayetumia pampu ya kujiendesha hiyo ni hatari, maana pampu itampa insulini asiyoihitaji. Vitamini C ya kiwango kikubwa na parasetamoli huvuruga baadhi pia. Soma karatasi ya sensa yako, na mweleze daktari dawa zote.

SWALI: Karibu kila usiku sensa inashuka ghafla hadi 3, kisha inapanda yenyewe bila kula. Nifanyeje?

JIBU: Unailalia. Uzito wa mwili hufinya maji pale sensa ilipo, namba inaanguka, ukigeuka inarudi. Kwenye grafu utaona shimo lenye kingo kali, tofauti na mteremko wa kweli. Hata hivyo pima kidole kila inapolia, usihukumu kwa kubahatisha. Sensa inayofuata ivae upande usioulalia.

SWALI: Viputo vya hewa haviishi kwenye mrija. Vinaweza kuniua?

JIBU: Havina madhara chini ya ngozi. Ubaya wake ni kwamba palipo na hewa hapana insulini. Uniti 1 ni maikrolita 10 tu. Katika mrija wa sentimita 60 unaobeba kama uniti 10, kiputo cha sentimita 6 kimekula uniti nzima.

Chanzo mara nyingi ni insulini iliyotoka moja kwa moja kwenye friji, ambayo hutoa hewa inapopata joto. Iache nje hadi iishe ubaridi, vuta polepole, gonga kichupa ncha ikiwa juu, sukuma hewa itoke, kisha jaza mrija hadi tone litokee. Mrija uwe umechomolewa mwilini kila unapoujaza. Ukiujaza ukiwa umeunganishwa, utajipiga uniti 10 au zaidi kwa mara moja.

SWALI: Nimepangiwa picha ya MRI. Pampu naitoa?

JIBU: Itoe na uiache nje ya chumba, sumaku ile inaharibu mota yake. Sensa nazo nyingi hutolewa, kwa hiyo omba miadi siku unayobadilisha, usiitupe ikiwa na siku zake. Pampu ya kubandika, ile isiyo na mrija inayokaa juu ya ngozi, hutolewa yote. Bila pampu usipitishe saa moja pasipo mpango. Kama foleni ni ndefu, kubaliana mapema na daktari dozi ya peni, na uwe na glukometa, vipande vya ketoni na seti mpya mkononi.