Nani Kaileta HPV Nyumbani?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, niko kwenye ndoa mwaka wa 11. Mwezi uliopita nilipimwa mlango wa kizazi nikaambiwa nina kirusi kinachoitwa HPV, cha aina hatari, nirudi baada ya wiki mbili. Sijarudi. Karatasi nimeificha chini ya nguo za mtoto, maana mume wangu akiiona nitamweleza nini? Mimi sijatoka nje ya ndoa. Kama si mimi, basi kaileta yeye. Usingizi sipati. Hii ndiyo saratani yenyewe? Dawa ipo?*
*Mama wa Watatu*

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, itoe hiyo karatasi huko chini ya nguo, uiweke kwenye mkoba wako, maana utaihitaji wiki hii.

Nimefanya kazi ya unesi kwenye chumba cha uchunguzi wa mlango wa kizazi miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Ungedhani wanawake wakipewa majibu kama yako wataniuliza watapona lini. Wengi huniuliza unaloliuliza wewe: nani kaniambukiza? Jibu langu ni lile lile kila siku. Kipimo kinaona kwamba kirusi kipo leo. Hakina uwezo wa kusoma kiliingia tarehe gani, wala kilitoka kwa nani. HPV inaweza kujibanza mwilini miaka na miaka bila dalili, ikaja kuonekana mtu ameshasahau hata majina ya aliokuwa nao ujanani. Karibu kila aliyewahi kufanya ngono huipata wakati fulani wa maisha yake, na wengi mno mwili huifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, wasijue kama ilikuja. Mumeo naye huenda alikuwa nayo kabla hujamfahamu. Sisemi ni malaika, simjui. Ninachosema ni kwamba karatasi hiyo haifai kuwa shahidi, si dhidi yake wala dhidi yako. Na usimsukume akapime, kwa sababu wanaume hawana kipimo cha kawaida cha HPV cha kufanyiwa kama chako.

Saratani? Hapana. Aina za HPV zimepita 200, na zinazoitwa hatari ni kama 14. Mbili kati ya hizo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Lakini hata hizo hazikimbii. Kirusi kikigoma kutoka, seli huanza kubadilika polepole, na kufika kwenye saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri. Kwa anayeishi na VVU bila dawa muda huo hupungua hadi miaka 5 au 10, kwa hiyo kama ni wewe, mwambie nesi ukifika, usimwachie akisie.

Sasa ya kurudi. Utalala kama ulivyolala siku ya kwanza, utawekewa kile chombo cha kufungulia uke, kisha nesi atachukua pamba iliyolowekwa siki nyepesi aipake kwenye mlango wa kizazi, asubiri kama dakika moja. Mlango wenye afya hubaki na rangi yake ya waridi. Palipo na seli zilizobadilika panakuwa peupe, weupe mzito wenye ukingo, kama mtu aliyedondosha chokaa. Ni kitu unachokiona kwa macho, na hata baada ya miaka yote hii bado kinanisimamisha. (Tafadhalini, siki hiyo ni taa ya kuonea, si dawa. Niliwahi kumpata mmoja aliyekwenda kujiosha nayo nyumbani, akarudi akiwa na vidonda.)

Wenzangu wengine watakupima kwa njia nyingine, lakini safari ni ile ile. Doa likiwa dogo na lote linaonekana, mara nyingi linaunguzwa siku hiyo hiyo kwa kifaa cha joto, au linagandishwa kwa baridi kali. Tumbo litasokota kama siku zako zikianza. Baadaye utatokwa majimaji wiki kadhaa, na tendo la ndoa utaliacha kwa muda huo. Doa likiwa kubwa au limezama ndani, kipande hukatwa kwa waya mwembamba wa umeme ukiwa umechomwa ganzi. Baada ya mwaka unapimwa tena. Kirusi chenyewe hakina dawa ya kukiua, kwa hiyo anayekuuzia vidonge au majani ya kujiwekea ukeni anakula pesa yako. Tunachotibu ni madhara yake.

Nimekumbuka mama mmoja aliyerudi kwangu baada ya miaka minne. Karatasi yake ilikuwa imekunjwa mpaka mikunjo imechanika, ikaanguka vipande vinne mezani. Naye alimwogopa mume. Doa lilikuwa limeshapita mahali kifaa changu kinapofika, akaenda kukatwa kizazi. Mume ndiye aliyemsindikiza, na alikuwa akiuliza tu kwa nini hakuambiwa mapema.

Mwambie wako hivi: "Nimepimwa, wameona kirusi ambacho watu wengi hukipata, wanataka kuniangalia kisije kikaleta saratani. Nisindikize." Basi.

*Shangazi, binti yangu ana miaka 10 na shule imeleta fomu ya chanjo ya HPV. Nasikia inaharibu kizazi. Nisaini?*
*Baba Mwenye Wasiwasi*

Saini. Chanjo hii imekuwa ikitumika tangu 2006. Ndani yake mna ganda la kirusi tu, bila mbegu yake, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza, na kizazi haikigusi. Inafanya kazi vizuri zaidi ikitangulia kabla mtoto hajaanza mambo ya wakubwa, ndiyo maana inalengwa umri wa miaka 9 hadi 14. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2022 kwamba hata dozi moja inatosha umri huo, isipokuwa kwa wenye kinga dhaifu, ambao huongezewa. Huko Uskoti, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 walifuatiliwa, na majibu ya 2024 yalionyesha hakuna hata mmoja aliyepata saratani hiyo. Akikua bado atapimwa, kwa kuwa chanjo haizibi aina zote. Na kama una mtoto wa kiume ambaye chanjo inampata, naye mpeleke, maana kirusi hiki huleta saratani ya koo, ya njia ya haja kubwa na ya uume pia.

*Nina vinyama sehemu za siri, kama koliflawa. Je, ni saratani? Na kondomu nilitumia!*
*Kaka T.*

Hayo yanaelekea kuwa masundosundo, kaka, lakini onyesha daktari ahakikishe. Aina ya 6 na ya 11 ndizo huyaleta karibu yote, na si zile za saratani. Yanapakwa dawa, yanagandishwa au yanachomwa, na mengine hurudi, hivyo usikate tamaa raundi ya kwanza. Kondomu inapunguza hatari, endelea nayo, ila kirusi hupita ngozi kwa ngozi na kondomu haifuniki ngozi yote. Wembe weka pembeni mpaka yaishe, unayasambaza.