Kanga Ikishushwa, Niko Kazini

*Ni programu gani itanisaidia nisipoteze muda nikifanyia kazi nyumbani? (Mbagala)*

Swali hili naletewa kila wiki, na jibu ni lile lile: simu ikae chumba kingine mpaka adhuhuri. Ukishindwa hilo, programu haitakuokoa.

*Mama mkwe yuko kwetu. Kila saa ananituma: mara maharage, mara fundi bomba, mara mtoto akanyolewe. Nikisema niko kazini anaona namvunjia heshima. (Tabata)*

Pole dada. Mama hana ubaya. Maisha yake yote amejua kazi ni mtu kuvaa, kupanda daladala na kurudi jioni. Wewe anakuona sebuleni na dera lako, unatazama kioo cha kompyuta. Usimweleze katikati ya kikao huku umekunja uso. Mfuate jioni, kaa naye, mwambie kazi hii ndiyo inayolipa ada, na saa zako ni hizi na hizi. Kisha mpe alama ya kuiona kwa macho. Kwangu ni kanga mlangoni: ikishushwa, niko kazini, ikifungwa pembeni, karibu. Wiki ya kwanza mama yangu aliifunua mara nne kuniuliza chumvi iko wapi. Wiki ya tatu nikamsikia akimzuia jirani: "Ngoja, kanga bado."

Na mumeo je? Hukumtaja hata kidogo. Angekuwa yeye ndiye anayefanyia kazi hapo, angetumwa maharage? Mama ni wake, basi aanze yeye kusema.

*Mteja wangu yuko New York, vikao ni saa 6 usiku. Nifanyeje nisisinzie mchana? (Arusha)*

Badili saa ya kikao. Kuanzia Machi hadi Novemba tuko mbele yao kwa saa 7, miezi mingine 8. Saa 3 yao ya asubuhi ni saa 10 au 11 yetu ya jioni. Omba hapo. Usipomwambia kwako ni usiku wa manane, hatajua.

*Meneja anatuma kazi kwenye kundi la WhatsApp saa 4 usiku na anataka jibu. Najibu tu, si niko nyumbani hata hivyo? (Kinondoni)*

Hiyo "hata hivyo" ndiyo inayowamaliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi: saa za kawaida ni 45 kwa wiki, za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Kama wewe si wa ngazi ya uongozi, zinakuhusu. Kila usiku unaojibu, andika kwenye daftari tarehe na saa, na mwisho wa mwezi mpelekee kwa adabu. Ule muda uliouokoa kwenye foleni ya Mbezi ni wako na wanao. Kampuni haijaununua.

*Nina laini za mitandao miwili. Intaneti haiwezi kuniangusha, sivyo? (Mwanza)*

Inaweza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, mitandao ya Afrika Mashariki ilizorota kwa pamoja. Weka kwenye kompyuta yenyewe kazi ya siku mbili isiyohitaji mtandao.

*Kufanyia kazi kitandani kuna ubaya? (Morogoro)*

Kuna. Tafuta meza, hata ya kuazima.