Michèle Mouton alivyoukaribia ubingwa wa dunia

Ndugu, umeuliza kama yupo mwanamke aliyewahi kuukaribia ubingwa wa dunia wa mbio za magari. Yupo: Michèle Mouton wa Ufaransa, ambaye mwaka 1981, akiwa na mwelekezi wake Fabrizia Pons katika Audi Quattro, alishinda Sanremo nchini Italia na kuwa mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa rali. Mwaka 1982 alishinda Ureno, Ugiriki na Brazili, akafika Ivory Coast akiwa bado anafukuzana na Walter Röhrl wa Ujerumani. Kabla tu ya kuanza alipata habari kwamba baba yake amefariki dunia. Hata hivyo alishika usukani na kuongoza kwa muda mrefu, kisha giaboksi ikamsumbua na hatimaye gari likapinduka, na taji likaenda kwa Röhrl. Wanaodai kwamba alibebwa na gari (ni kweli, Quattro lilivutwa na magurudumu yote manne) wanasahau kwamba Hannu Mikkola, dereva mwenzake katika timu ya Audi, aliendesha gari la aina hiyo hiyo, na msimu huo alimaliza nyuma yake. Mwaka 1986, kabla ya kustaafu, alitwaa ubingwa wa rali wa Ujerumani akiwa na Peugeot.