Kocha wa Annapolis amemwandikia mwanangu: je, nafasi ameipata?

SWALI: Mwanangu ana miaka 17, yuko kidato cha nne hapa Mombasa, na huiwakilisha shule yake katika kuogelea, mita 100 na 200 mtindo huru. Alijaza fomu ya timu ya kuogelea ya Chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani kilichoko Annapolis, na kocha msaidizi akamjibu kwa barua pepe akimtaka atume muda wake bora na matokeo ya masomo. Shemeji yangu anasema kocha akishamtaka mtoto, yaliyobaki ni karatasi tu. Mwanangu ni raia wa Kenya. Binamu yake tunayeishi naye, ambaye pia anaogelea, alizaliwa Marekani na ana pasipoti zote mbili. Kila mmoja ana nafasi gani, na huyo kocha tumjibu nini? (Mama, Kisauni)

JIBU: Mama, nakushukuru kwa kutaja uraia wa kila kijana, kwa sababu wazazi wengi wanaonijia hunieleza kwanza sekunde za bwawani na pasipoti wakaitaja mwisho, ilhali vyuo vya kijeshi huanza na pasipoti. Vijana wako wanakula sinia moja na huenda wanaogelea kwa kasi moja, lakini mbele ya chuo kile ni waombaji wa aina mbili, na barua ya kocha ina uzito kwa mmoja wao tu.

Nianze na mwanao. Sheria ya Marekani inakiruhusu kila kimoja kati ya vyuo vitatu vikubwa, yaani cha jeshi la nchi kavu kilichoko West Point, cha wanamaji kilichoko Annapolis na cha wanahewa kilichoko Colorado Springs, kuwa na wanafunzi wa kigeni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja. Masomo ni ya miaka 4, kwa hivyo ukigawanya utaona kwamba nafasi zinazofunguka kila mwaka ni kama 15 kwa chuo, nazo hugombaniwa na mataifa mengi, huku darasa zima la mwaka wa kwanza pale Annapolis likiwa na wanafunzi wapatao 1,200. Juu ya uchache huo, mgeni hajiombei mwenyewe kama anavyoomba chuo kikuu cha kawaida. Serikali ya Marekani hualika nchi inazozichagua, serikali ya nchi iliyoalikwa hupendekeza majina kupitia ubalozi wa Marekani, kisha chuo huchagua miongoni mwa waliopendekezwa. Kocha hayumo katika mlolongo huo. Anaweza kumtamani mwanao kama mvuvi wa pwani anavyomtamani nguru aliyemwona akipita, lakini kama jina halikutoka Nairobi, hana chombo cha kumfuatia.

Kuna jambo jingine ambalo shemeji yako hakulitaja. Mkenya anayehitimu Annapolis hapewi cheo katika jeshi la Marekani, bali hurudi kulitumikia jeshi la nchi yake, na kwa mwanao maana yake ni kwamba huenda safari yote hiyo ikamrudisha kwenye kambi ya wanamaji ya Mtongwe, ng'ambo ya feri tu. Kwa sababu hiyo, Wizara ya Ulinzi inapopendekeza jina huwa inapendekeza afisa wake wa kesho, na si mwanamichezo anayekwenda kutafuta maisha. Ushauri wangu ni kwamba ombi la ukadeti, yaani uanafunzi wa uafisa, katika Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) liwe ndiyo njia kuu ya mwanao, na Annapolis iwe tawi linaloweza kuchipuka kutoka humo. Kwa kijana ambaye tayari ni kadeti, pendekezo la wizara ni jambo linaloingia akilini. Kwa kijana ambaye wizara haimjui, barua ya kocha wa kuogelea haitamtambulisha.

Kadeti wa KDF hufunzwa katika chuo cha kijeshi kilichoko Lanet, Nakuru, na masharti yake hutangazwa magazetini na kwenye tovuti ya jeshi. Katika matangazo hayo mwombaji hutakiwa awe raia wa Kenya mwenye umri wa miaka 18 hadi 26, aliyepata wastani wa B katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, pamoja na C+ katika Hisabati, Kiingereza na somo la sayansi, na asipungue futi 5 na inchi 3 kwa kimo. Utaona kwamba muda wa mita 200 haumo. Hapa watu wengi huchanganya mambo, kwa kuwa wanakumbuka wanariadha wetu waliovaa sare. John Ngugi alikuwa mwanajeshi aliposhinda dhahabu ya mita 5,000 huko Seoul mwaka 1988, na Paul Tergat alikuwa sajenti katika jeshi la wanahewa. Hao walikuwa askari wa vyeo vya kawaida. Jeshi letu limewafungulia wanamichezo mlango wa uaskari kwa miaka mingi, lakini mlango wa uafisa hufunguliwa na cheti, na mchezo huja baadaye kama sifa ya ziada mbele ya jopo la usaili. Ikiwa mwanao anaamka saa kumi alfajiri kwenda bwawani na Hisabati yake iko kwenye C, basi ningeondoa asubuhi mbili za bwawa kila wiki nikazipa Hisabati, hata kama kocha wake wa shule atanuna.

Binamu yake ana njia nyingine. Kwa raia wa Marekani, West Point, Annapolis na Colorado Springs hudai uteuzi, ambao kwa kawaida hutoka kwa seneta, kwa mbunge wa bunge la taifa au kwa makamu wa rais. Kila mbunge ana haki ya kuwa na wanafunzi 5 tu katika kila chuo kwa wakati mmoja. Kijana anayeishi Mombasa hapotezi haki hiyo, ila huomba kwa wawakilishi wa jimbo ambalo ndilo makazi ya kisheria ya familia yake huko Marekani, na ofisi hizo huwa na fomu na tarehe zao wenyewe, mbali na fomu ya chuo. Kwake yeye kocha ana la kusema: anaweza kuiambia kamati ya udahili kwamba anamhitaji muogeleaji huyu, na neno lake husikika. Hata hivyo haliondoi sharti lolote, kwani masomo, afya, siha na uteuzi lazima vyote vitimie. West Point, kwa mfano, kwa muda mrefu imempima mwombaji kwa asilimia 60 masomo, asilimia 30 uongozi na asilimia 10 siha, na michezo ya shule huhesabiwa zaidi katika fungu la uongozi, hususan kwa aliyekuwa nahodha.

Binamu huyo huyo asipange KDF kama njia ya akiba bila kusoma Katiba. Ibara ya 78 inakataza mwanajeshi wa Kenya kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hivyo itambidi achague pasipoti moja kabla hajachagua sare.

Sasa niseme juu ya mwili, maana waogeleaji hujiamini kupita kiasi katika jambo hili. Mtihani wa siha wa vyuo hivyo una sehemu sita: kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti, kujivuta juu kwenye chuma, kukimbia kwenda na kurudi umbali mfupi, kuinuka kutoka chali, pushapu, na kukimbia maili moja, ambayo ni mita 1,609. Hakuna maji hata tone. Mvulana anayetaka alama kamili katika mbio hizo za maili hutakiwa amalize kwa dakika 5 na sekunde 20, na nimewaona waogeleaji hodari wakihema kama samaki juu ya mchanga kabla ya kufika nusu yake. Wote wawili waanze kukimbia sasa. Jingine ni pumu. Si ajabu kumkuta muogeleaji mwenye pumu, kwani wako waliopelekwa bwawani utotoni kwa ajili hiyo hiyo, na kwa kanuni za kitabibu za jeshi la Marekani, pumu iliyoonekana baada ya kutimiza miaka 13 humwondoa mwombaji isipokuwa apewe msamaha maalumu. Kama mmoja wao aliwahi kuandikiwa dawa ya kuvuta baada ya umri huo, tafuta rekodi za hospitali mapema, na msizifiche. Kutoona rangi sawasawa pia ni tatizo kubwa kwa wanamaji, nacho ni kipimo ambacho daktari wa macho yeyote mjini anaweza kukifanya.

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi. Vyuo hivi havitozi ada ya maombi, wala havitoi ufadhili wa michezo, kwa kuwa kila mwanafunzi wa Kimarekani husomeshwa bure na hulipa kwa utumishi wa jeshini usiopungua miaka 5. Gharama za mgeni ni suala la serikali mbili, si la mzazi. Basi mtu akikuambia kwamba anaweza kukutafutia "skolashipu ya kuogelea ya Annapolis" kwa malipo, funga mlango. KDF nayo haimtozi mwombaji hata shilingi.

Mjibuni kocha, tena kwa adabu, kwa kuwa pengine alituma barua kama hiyo kwa waogeleaji wengi na hajui uraia wa mwanao. Mwanao aandike muda wake, mahali na tarehe aliyoogelea, urefu wa bwawa kama ni mita 25 au 50, matokeo yake ya muhula, na sentensi moja iliyo wazi kwamba ni raia wa Kenya asiye na uraia mwingine. Sentensi hiyo itamwokolea kocha miezi na ninyi matumaini ya bure. Binamu yake aandike barua yake mwenyewe, ataje uraia wake wa Marekani na jimbo atakaloombea uteuzi, na aeleze amepanga kufanya SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani, tarehe gani, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza ambalo kocha atamrudishia.