Maswali na majibu: Mashine nafuu ya kuchomelea kwa anayetengeneza gari nyumbani

Tayari ninayo mashine ndogo ya vijiti niliyotumia kutengenezea mageti. Je, haiwezi kuziba sakafu ya gari iliyoliwa na kutu?

Kwa geti inafaa, lakini kwa sakafu ya gari itakusumbua. Bati la bodi ya magari mengi lina unene wa kati ya milimita 0.6 na 1, na hata kijiti chembamba cha milimita 1.6 hutoa joto ambalo bati hilo halilihimili: unagusa tu, tundu linafunguka, na kila ukijaribu kulijaza linazidi kupanuka. Mafundi wazoefu hulimudu jambo hilo. Anayeanza huishia kuharibu hata pale palipokuwa pazima. Kwa kazi ya bodi tafuta mashine ya waya, yaani MIG. Ile ya TIG, inayoyeyusha chuma kwa ncha ya tangsteni huku mkono wa pili ukilisha kijiti cha kujazia, hutoa mshono safi zaidi, lakini ni ya polepole, hushughulisha mikono yote miwili, na hutaka bati lisilo na chembe ya kutu, jambo ambalo ni adimu kwenye gari kuukuu.

Nimeona mashine ya waya ya ampea 200 inayouzwa kwa bei ya chini kuliko nyingine ya ampea 140. Kwa nini nisichukue hiyo yenye nguvu?

Kwa sababu namba kubwa imewekwa hapo kwa ajili ya kuuzia. Kwa kazi yako, namba ya kuulizia kwanza ni ile ya chini kabisa. Kwa makadirio, kila milimita moja ya unene wa chuma huhitaji ampea 30 hadi 40, kwa hiyo bati la milimita 0.8 linataka takribani 30 tu. Mashine isiyoshuka chini ya 50 itakutobolea bati hata kama bei yake ni ya kutupwa.

Baada ya hapo soma kibandiko cha mashine. Kikiandikwa asilimia 20 kwa ampea 90, maana yake ni kwamba, kwa kiwango hicho cha umeme, katika kila dakika 10 unaweza kuchomelea kwa dakika 2, na 8 zinazobaki unaiacha ipoe. Wanunuzi wengi huiogopa asilimia ndogo namna hiyo bila sababu. Bodi haichomelewi kwa mstari mmoja mrefu. Huwekwa nukta moja hapa, nyingine mbali nayo, kisha unasubiri chuma kipoe ili bati lisijikunje, na katika kusubiri huko mashine nayo inapumzika.

Mimi fedha ya ziada ningeitoa kwa ajili ya kinachosukuma waya. Fungua kifuniko cha pembeni: ukikuta mfumo wote ni wa plastiki laini, tarajia waya kukwamakwama na moto kukatikakatika, na wewe utadhani mkono wako ndio mbovu. Hakikisha pia kwamba mashine inakubali waya wa milimita 0.6, ambao ndio unaofaa bati jembamba.

Je, ninahitaji mtungi wa gesi, au waya usiotumia gesi unatosha?

Waya usiotumia gesi una unga ndani yake unaokinga chuma kilichoyeyuka, na unafaa sana ukiwa nje kwenye upepo. Hata hivyo, huchoma kwa joto zaidi, hurusha cheche nyingi na kuacha uchafu wa kukwangua. Kwa ekzosi unatosha. Kwa bodi, gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi hurahisisha kazi mno. Nunua mashine inayokubali zote mbili, na ukibadilisha aina ya waya ubadilishane pia miunganisho ya nyaya za ndani: kwa kawaida waya wa gesi hutaka bunduki (kishikio kinachotoa waya) iwe upande wa chanya, na ule usio na gesi upande wa hasi. Kulisahau hilo ndicho chanzo cha mishono mingi mibaya inayosingiziwa mashine.

Je, kompyuta ya gari haitaungua?

Tenganisha betri, ukianza na upande wa hasi, kisha bana klempu ya athi (kibanio cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine) kwenye chuma kilichosafishwa, karibu kabisa na unapochomelea, ili umeme usipite kwenye beringi ukizikwangua.

Bajeti yangu ni finyu. Nipunguze wapi?

Mashine iliyotumika si vibaya, mradi uijaribu mbele ya muuzaji kwenye kipande cha bati, ikiwa imewekwa kwenye ampea za chini. Usipunguze kwenye kofia ya kukinga macho, glavu na kizimamoto, kwa sababu zulia na rangi ya chini ya gari hushika moto upesi. Bati lolote lililosafishwa kwa kemikali yenye klorini, kama zilivyo baadhi ya dawa za kusafishia breki, lisichomelewe, kwani joto hugeuza mabaki yake kuwa gesi ya sumu. Tangi la mafuta, hata likiwa tupu, pamoja na nguzo za mlango na sehemu zinazoshikilia mikanda ya usalama, mpelekee fundi mwenye ujuzi nazo. Gharama hiyo iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.