Kabla hujafungua fomu ya maombi ya masta

Mara ya kwanza nilipoomba kusoma shahada ya uzamili nje ya nchi, nilianza na fomu. Niliifungua mwishoni mwa Desemba, nikiwa Chemba, mkoani Dodoma, nilikokuwa afisa ugani. Dirisha lilikuwa linafungwa katikati ya Januari na niliona muda unatosha. Kurasa za mwanzo nilizijaza usiku mmoja. Nikafika mahali wanapotaka barua pepe za kazini za watu wawili watakaoniandikia barua za mapendekezo. Mhadhiri aliyenisimamia utafiti wa mwaka wa mwisho sikuwahi kumsalimu tangu mahafali. Namba yake niliyokuwa nayo haikupatikana tena, na chuo kilikuwa likizo. Mwaka ule ukapita hivyo hivyo.

Masta nimeshaimaliza, na tangu hapo nimesaidia wadogo zangu kadhaa, wa damu na wa kazini. Kila anayeniuliza, "Dada, naanzia wapi?" namjibu jambo moja: anza na vitu vilivyo mikononi mwa watu wengine. Insha utaiandika usiku hata ukiwa umechoka na umeme umekatika. Msajili wa chuo huwezi kumharakisha, wala mhadhiri aliye safarini huwezi kumrudisha.

Majina kwanza. Toa cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha chuo, kitambulisho cha NIDA, na pasipoti kama unayo. Vitandaze mezani usome herufi kwa herufi. Cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili, cha kuzaliwa kina matatu, na jina la babu kwenye NIDA lina "y" pasipotakiwa. Wengi wetu tuko hivyo, kwa sababu mtu fulani aliyejaza fomu zamani aliandika alivyosikia. Nenda kwa wakili uulize kama hati ya kiapo inatosha au unahitaji zaidi ya hapo. Fanya hivyo kabla ya kuomba pasipoti, maana jina la pasipoti ndilo litakalokufuata kwenye barua ya udahili, viza na tiketi.

Kisha transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako za chuo. Niliambiwa nisubiri wiki mbili. Niliipata baada ya miezi miwili na nusu, kwa sababu alama za somo moja la mwaka wa pili hazikuwamo kwenye mfumo na hakuna aliyegundua mpaka nilipoiomba. Iombe leo hata kama hujui utaomba chuo gani. Ukiwa hapo hapo, omba na barua inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Vyuo vingi huikubali badala ya mtihani wa Kiingereza. Vile vinavyotaka IELTS, ambao ni mtihani wa aina hiyo, kumbuka matokeo yake huhesabika miaka 2 tu, kwa hiyo usiufanye mapema mno ukaja kuulipia mara mbili.

Sasa waandishi wa barua zako. Hapa ndipo watu wengi wenye uwezo wanapokwama, na inaniuma kwa sababu kinachowazuia ni aibu. Mtu anasema, "Dokta atanikumbuka wapi, tulikuwa mia mbili darasani?" Basi mkumbushe. Mara ya pili nilipata namba mpya kwa katibu wa idara, nikamwandikia mwezi wa nane:

"Shikamoo Dokta. Mimi ndiye uliyenisimamia utafiti wa uhifadhi wa mahindi mwaka wa mwisho, ukanirudisha mara mbili ghalani kuhesabu upya dumuzi. Sasa ni afisa ugani Chemba. Nataka kuomba masta ya teknolojia ya chakula. Dirisha linafungwa Februari. Naomba kujua kama utakuwa na nafasi ya kuniandikia barua ya mapendekezo. Ukiridhia, nitakutumia wasifu wangu, transkripti na rasimu ya insha."

Alijibu baada ya siku nne. Alikumbuka dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani, kabla ya kunikumbuka mimi. Akaniuliza swali ambalo nimekuwa nikiwapa wengine: "Unataka niseme nini ambacho transkripti yako haisemi?" Nilikaa nalo wiki nzima. GPA yangu, yaani wastani wa alama zangu za chuo, ni 3.4, daraja la pili la chini, na nilikuwa nikiiogopa. Yeye aliandika kwamba nilirudi ghalani mara mbili bila kunung'unika na hesabu ya tatu ndiyo iliyobadilisha matokeo ya utafiti. Transkripti isingeweza kulisema hilo. Ukimwendea mhadhiri, mpe kitu cha kusimulia. Ukimpa jina na tarehe tu, atakuandikia barua ya mistari minne inayomfaa mtu yeyote.

Kuhusu GPA yenyewe: soma masharti ya kila kozi. Zipo zinazodai daraja la pili la juu, yaani 3.5 kwenda juu kwa mfumo wetu wa alama 5. Zipo zinazotazama zaidi kazi uliyofanya.

Kozi sikuitafuta kwa orodha za vyuo bora. Nilianza na jambo lililokuwa likinikosesha usingizi. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na vijiji nilivyokuwa nikivizungukia vilikuwa bado vinawakumbuka. Nikasoma makala zote za utafiti nilizozipata bure mtandaoni kuhusu sumukuvu kwenye mahindi ya Tanzania, nikaandika daftarini vyuo vya waandishi wake. Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji kilijirudia mno, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha pia. Nikajua pa kuomba, na nikajua kwamba hata nikikosa Ubelgiji, Arusha kuna watu wanaolijua jambo langu.

Insha ikafuata. Rasimu ya kwanza ilianza, "Tangu nikiwa mdogo nimependa sayansi." Niliifuta yote. Ya pili ilianza na mama mmoja aliyefungua gunia mbele yangu, akachambua punje zenye ukungu wa kijani akiziweka kwenye ungo, akaniambia, "Haya hatuli, mwanangu, tunawapa kuku." Kuku hao wanataga mayai, na mayai wanakula watoto. Kutoka kwenye ule ungo niliweza kueleza ninachotaka kusoma na kwa nini, bila kujisifu hata mara moja.

Habari za ufadhili nitazipitia upesi, maana kila mfadhili ana tovuti yake na tarehe hubadilika. Chevening ya Uingereza kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Wanataka uzoefu wa kazi wa miaka 2, na ukimaliza urudi nyumbani angalau miaka 2. DAAD ya Ujerumani, kwenye kozi zake za maendeleo, nayo inataka miaka 2 ya kazi, na kwa kawaida shahada yako isiwe imepita miaka 6. Sharti hilo limewaacha nje watu waliokuwa wakijiandaa kwa utulivu, kwa hiyo hesabu miaka yako sasa. Kozi nyingi za Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Uswidi ina hatua mbili: unaomba chuo kwanza, na ada ya maombi ni krona 900, kisha ndipo unaomba ufadhili. Chevening hawatozi ada ya maombi. Wakala akikwambia utume pesa ili "akuingizie" maombi huko, usitume.

Barua ya Dokta ilitumwa usiku wa saa tano, mwezi wa kwanza. Nilipata taarifa kwenye simu nikiwa nimelala chini ya chandarua, nikawasha tochi na kuangalia kalenda ya ukutani. Zilikuwa zimebaki siku 19.