Kitambi, mkanda wa mpira na Jumapili za Raskazone

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 47, mke mmoja na watoto watatu, naishi Tanga. Urefu wangu ni sentimita 170, uzito kilo 92. Ujanani nilicheza mpira, namba saba, mwembamba na mwepesi. Sasa tumbo limenitoka. Kazini wananiita Kitambi, na mke wangu aliniuliza mbele ya ndugu zake mimba yangu ina miezi mingapi. Wote walicheka, na mimi nikacheka. Tangu siku hiyo navaa mkanda wa mpira chini ya shati, nakunywa chai ya kupunguza tumbo, nashinda njaa mpaka usiku, na ndevu nazipaka piko ili mvi zisionekane, ingawa mara ya mwisho kope zilivimba. Watoto wakienda kuogelea Raskazone mimi nabaki kivulini na shati langu. Chumbani sitaki taa iwake. Nifanyeje nirudi nilivyokuwa?"

Marahaba, baba. Pole kwa siku ile ya shemeji zako. Kucheka pamoja na watu huku moyo unauma kunachosha sana, na naona umekuwa ukifanya hivyo kwa muda mrefu.

Kabla ya yote, acha vitu vitatu leo hii. Cha kwanza ni piko. Rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali iitwayo PPD, na kope kuvimba baada ya kupaka ni dalili kubwa ya mzio. Mwili ukishaikataa mara moja, mara ya pili huweza kuja kwa nguvu zaidi, hata ukibadilisha pakiti. Usijaribu tena. Ikitokea midomo au koo limevimba, au pumzi inabana, kimbia hospitali bila kusubiri asubuhi. Mvi za ndevu zikichongwa fupi na kinyozi mzuri zinampendeza mwanamume wa umri wako.

Cha pili ni ile chai. Nyingi ya chai hizi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na wakati huo chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo unachopoteza chooni ni maji na madini, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige vizuri. Mafuta ya tumboni hayajaguswa. Kama unatumia vidonge vya presha vinavyokukojoza, hatari ni kubwa zaidi. Cha tatu ni mkanda. Joto la mpira haliyeyushi mafuta. Linatoa jasho, na ukinywa maji uzito unarudi. Pia mkanda unakandamiza tumbo, asidi inapanda na kuleta kiungulia, na kwa joto la Tanga ngozi ya chini yake itatoka vipele.

Sasa tumbo lenyewe. Umeuliza namna ya kurudi ulivyokuwa, na hapo nitakuambia ukweli: mwili wa namba saba haurudi. Kuanzia umri wa miaka thelathini misuli hupungua asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi kwa mtu asiyeitumia, na wanaume wengi huweka mafuta ndani, kuzunguka ini na utumbo. Ndiyo maana kitambi cha mwanamume mara nyingi ni kigumu ukikibonyeza. Mafuta hayo ya ndani ndiyo yenye hatari kwa moyo na sukari, lakini ndiyo pia yanayopungua mapema mtu akianza kujitahidi.

Jipime vizuri. Vua shati, pumua nje kawaida bila kubana tumbo, pitisha tepu katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Saizi ya suruali inadanganya, kwa sababu wenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, mahali pembamba. Kwa wanaume, Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa hatari inaanza kupanda kuvuka sentimita 94, na inapanda sana kuvuka 102. Kisha nenda kituo cha afya upime presha na sukari ukiwa hujala kitu. Presha ikirudia kusoma 140/90 au zaidi, au sukari 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) na kuendelea, unahitaji daktari.

Kushinda njaa kunakuharibia. Anayefika saa tatu usiku hajala kitu hula sahani mbili za wali wa nazi na hana nguvu ya kujizuia. Kula mara tatu. Nusu ya sahani iwe mboga, mchicha au matembele. Robo samaki au maharage. Robo iliyobaki ugali au wali, kiasi cha ngumi yako. Tui zito weka siku moja au mbili kwa wiki. Hesabu pia sukari ya chai: vijiko vinne vidogo kwa kila kikombe, ukinywa vikombe vitatu, ni karibu gramu 48, na kiwango cha juu kwa mtu mzima kwa siku nzima ni kama gramu 50. Bia ya nusu lita ina nguvu ya chakula inayozidi chapati ndogo, na haishibishi.

Tembea haraka dakika 30 siku tano za wiki, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Siku mbili fanya kazi ya misuli: kaa na kuinuka kwenye kiti mara 10, sukuma ukuta mara 10, beba ndoo mbili za lita 10 hatua 40, rudia mzunguko huo mara tatu. Mazoezi ya kuinua kiwiliwili ukiwa umelala yanakaza misuli ya tumbo, ila hayachagui mafuta ya hapo kuyaondoa. Pima kiuno mara moja kwa mwezi. Mizani ya kila siku itakutesa bure, kwani maji ya mwilini pekee hubadilisha uzito kilo moja hata mbili. Ukipunguza kilo tano tu, presha na sukari huwa zinaonyesha tofauti. Bado utakuwa na tumbo, na afya yako itakuwa bora.

Na hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu aibu yako haitaondoka na hizo kilo tano. Mwanamume wa rika lako amebebeshwa mizigo miwili. Amekulia mahali ambapo kitambi kilikuwa dalili ya nyumba yenye neema, na katika miaka ya tisini mtu akikonda ghafla watu walimnong'ona kuwa ana UKIMWI. Leo simu hiyohiyo ya kupokelea mshahara inamwonyesha vifua vilivyochongeka. Picha zile hupigwa baada ya kupunguza maji mwilini, kunyanyua vyuma dakika chache kabla, kupaka mafuta na kuweka taa ubavuni. Wengine wanadunga homoni, zinazosinyaza korodani na kukata mbegu. Ukipunguza kurasa hizo kwenye simu yako, utakuwa umejitendea haki.

Kujificha ndiko kunakoikuza aibu. Ukikaa kivulini unapata nafuu ya saa moja, lakini akili inajifunza kwamba mwili wako kweli ni jambo la hatari. Ifundishe kinyume, kwa ngazi. Jumapili ya kwanza ingia majini Raskazone mapema, watu wakiwa wachache, ukiwa na fulana. Kaa dakika 20, na usitoke wakati wasiwasi umepanda. Subiri ushuke angalau nusu. Rudia mpaka uzoee, kisha nenda wakati watu ni wengi, kisha bila fulana. Usisubiri kiuno kipungue kwanza. Wanao wanakua sasa, na Jumapili hizi hazirudi.

Kioo kitumie asubuhi na jioni unapovaa tu. Usibane pumzi wala kufinya nyama. Taja unachokiona bila tusi: tumbo limetokeza, mabega mapana, kovu la goti. Na nenda kwa fundi akushonee suruali inayokaa juu ya kiuno. Mwombe aongeze urefu kutoka kiunoni hadi msambani, maana hapo ndipo suruali za dukani hukosea kwa wenye tumbo.

Mkeo sidhani kama anajua. Wewe ulicheka. Zungumza naye mkiwa wawili, siku isiyo na ugomvi, kwa maneno machache: "Siku ile ulipotaja mimba mbele ya ndugu zako, iliniuma. Naomba usinitanie tumbo mbele ya watu. Tukiwa wawili, niambie lolote." Kisha mwambie na la taa. Huenda naye amekuwa akidhani umemchoka. Anzeni na taa ndogo ya pembeni. Kama nguvu za kiume nazo zimepungua, mweleze daktari, kwani tatizo hilo huweza kutangulia ugonjwa wa moyo au kisukari kuonekana. Kazini, anayekuita Kitambi mwambie jina lako kwa sauti ya kawaida, kila mara, bila kufoka.

Muulize mkeo pia kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini; akisema ndiyo, mweleze daktari. Na kama fikra za mwili zinakula zaidi ya saa moja kwa siku, kama unajitapisha baada ya kula, au kama umewahi kuona heri usiwepo, usikae nalo peke yako. Hospitali ya Bombo ni ya rufaa. Uliza huduma ya afya ya akili, na ukifika mbele ya mhudumu usiishie kusema umekuja kupima presha. Mwambie hivi: "Naona aibu ya mwili wangu kiasi kwamba nimeacha kuishi na familia yangu kama zamani."